Nani apime mtaala mpya wa elimu ya msingi: waliouandika au jopo huru?

Swali, kutoka kwa Mwalimu wa Taaluma, Korogwe

Ndugu walimu, wazazi na wote mnaofuatilia elimu ya nchi yetu, nawasalimu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, darasa la kwanza na la tatu yakiwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia kwa darasa moja watamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani.

Ninachouliza ni nani atakayetuambia, kwa ushahidi, kama mabadiliko haya yamewafaa watoto. Mtaala, mihtasari na vitabu vimeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mitihani hutungwa na Baraza la Mitihani. Wadhibiti ubora wa shule wako chini ya Wizara iliyotoa sera, na sisi walimu wa shule za serikali tunasimamiwa kupitia halmashauri, chini ya TAMISEMI. Sina shaka na uadilifu wa watu walio katika vyombo hivyo, na wengi wao wametufundisha sisi wenyewe. Hata hivyo kila chombo kinaona kipande chake, na ni vigumu kwa mtu yeyote kutangaza kwamba kazi aliyoisimamia kwa miaka kadhaa imekwama mahali fulani.

Mdhibiti ubora anapofika shuleni hukagua kama azimio la kazi na andalio la somo vinalingana na muhtasari. Hakuna aliyetumwa kuangalia kama muhtasari wenyewe unalingana na mtoto wa darasa la tatu ambaye bado anasoma kwa kukata silabi. Je, tunahitaji tathmini huru? Kama tunaihitaji, iundwe na nani, ilipwe na nani, na nchi zilizowahi kufanya hivyo zilivuna nini?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Msomaji wa Sera za Elimu, Dodoma

Mwalimu, ahsante kwa kuuliza mapema. Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa England, kwa sababu huko mwaka 2009 zilitoka ripoti mbili kuhusu elimu ya msingi, moja iliyoagizwa na serikali na nyingine iliyofanywa nje ya serikali, na hakuna hata moja iliyotekelezwa kama ilivyokusudiwa. Tukielewa sababu, tutajua tuombe nini hapa kwetu.

Ile ya nje ya serikali ilianza Oktoba 2006, ikiongozwa na Profesa Robin Alexander katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na fedha zake zilitoka kwa Esmée Fairbairn Foundation, ambao ni mfuko wa hisani. Haikujifunga kwenye mtaala peke yake. Iliuliza malengo ya elimu ya msingi ni yapi, watoto wanaishi maisha gani, walimu wanaandaliwaje, mitihani inafanya nini kwa ufundishaji, na nani ana mamlaka ya kuamua. Wahusika walipokea zaidi ya maoni elfu moja ya maandishi, wakakaa na watoto, wazazi, walimu na viongozi wa jamii katika maeneo mbalimbali, wakaagiza mapitio 28 ya tafiti zilizokwisha kufanyika, kisha wakachapisha ripoti za awali 31 kabla ya ile ya mwisho iliyotoka Oktoba 2009. Ripoti hizo za awali ziliweka ushahidi hadharani mapema, na aliyekuwa na pingamizi alipata nafasi ya kulitoa kabla hitimisho halijafikiwa.

Kazi hiyo ikiwa bado inaendelea, Januari 2008 waziri Ed Balls alimwagiza Sir Jim Rose, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa ukaguzi wa shule, afanye mapitio ya mtaala wa msingi. Nayo iliitwa huru. Lakini hadidu zake za rejea, yaani maelekezo na mipaka ya kazi aliyopewa, hazikumruhusu kugusa mitihani ya kitaifa ya watoto wa miaka kumi na mmoja, ingawa walimu walikuwa wakilalamika kwamba mitihani hiyo ndiyo inayoamua kinachofundishwa darasani kuliko mtaala wenyewe. Rose alipendekeza masomo yapangwe katika maeneo sita ya ujifunzaji. Serikali ilikubali, ikapanga kuanza Septemba 2011, lakini sheria ya kuyawezesha haikukamilika kabla ya Bunge kuvunjwa mwaka 2010, na serikali mpya iliyoingia Mei mwaka huo ikauacha mpango wote. Mtaala uliofuata, ulioanza kufundishwa Septemba 2014, ulirudi kwenye masomo yaliyotenganishwa.

Ripoti ya Cambridge ilitoka na mapendekezo 75. Magazeti mengi yalishikilia moja tu, kwamba masomo rasmi yaanze mtoto akiwa na miaka sita, na serikali ya wakati ule ikaikataa ripoti upesi. Yaliyobaki ndani yake yalistahili kusomwa kwa utulivu zaidi. Mojawapo linatuhusu moja kwa moja sisi tulioishi na mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) tangu mwaka 2015. Wakitumia ushahidi wa wakaguzi wa shule uliokusanywa kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba shule zinazofanya vizuri katika lugha na hisabati mara nyingi ndizo zinazofundisha pia sayansi, historia, sanaa na michezo kwa upana na kwa uzito. Kwa hiyo dhana kwamba ni lazima tupunguze masomo mengine ili stadi za msingi ziimarike haikupata nguvu katika ushahidi wao. Inawezekana hali yetu, yenye madarasa makubwa na vitabu vichache, ikatoa jibu tofauti. Hilo linahitaji kupimwa hapa hapa.

Alexander na Rose hawakuwa wageni wao kwa wao. Mwaka 1992 wote wawili, pamoja na Chris Woodhead, waliandika kwa niaba ya serikali ripoti kuhusu ufundishaji katika shule za msingi. Miaka kumi na saba baadaye mmoja alikuwa na uhuru wa kuuliza kila kitu lakini hakuna aliyelazimika kumjibu, na mwingine alikuwa na sikio la waziri lakini swali lake limekwisha kukatwa nusu.

Kwa hiyo, Mwalimu, mimi nisingeanza na nani awe mwenyekiti. Ningeuliza kwanza kama hadidu za rejea zinajumuisha mitihani, kama ushahidi utachapishwa wote, na kama kuna wajibu wa kisheria wa kujibu. Hili la tatu tunalo tayari katika nchi yetu kwa jambo jingine. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, huwasilisha ripoti kwa Rais, naye huiagiza iwasilishwe bungeni. Kamati za Bunge huwaita wahusika wajieleze. Hakuna sababu ya msingi inayozuia tathmini ya mtaala kufuata njia kama hiyo, serikali ikapewa muda maalumu wa kueleza kwa maandishi ni pendekezo gani inalikubali, lipi inalikataa, na kwa nini.

Jibu la pili, kutoka kwa Mwalimu wa Likoni, Mombasa

Hamjambo ndugu zetu. Nimesoma maelezo ya England kwa makini, na ningependa kuongeza yaliyotukuta Kenya, kwa maana sisi tumepitia jambo hili karibuni zaidi na watoto wetu ni wa mazingira yanayofanana na yenu.

Mtaala wa umilisi ulianza rasmi Januari 2019 katika madarasa ya chini. Septemba 2022, baada ya uchaguzi, Rais William Ruto aliteua jopokazi la wanachama 49 chini ya Profesa Raphael Munavu ili lipitie mageuzi yote ya elimu. Jopo lilizunguka kaunti likisikiliza maoni, na ripoti yake ya mwisho ilikabidhiwa Agosti 2023. Lilipendekeza, miongoni mwa mengine, idadi ya maeneo ya kujifunza ipunguzwe, na katika shule ya msingi ya juu yakashuka kutoka 12 hadi manane. Walimu tulishukuru, kwa kuwa mzigo ule ulikuwa umewaelemea watoto na wazazi wao, hasa kwa kazi za nyumbani zilizohitaji vifaa ambavyo familia nyingi hazikuwa navyo.

Lakini tazameni tarehe. Mwishoni mwa Novemba 2022 watoto wa kwanza wa mtaala huu walikuwa wakifanya mtihani wao wa Gredi ya 6, na wakati huohuo jopo lilikuwa bado linajadili watasomea wapi Gredi ya 7. Pendekezo kwamba sekondari ya chini iwe ndani ya shule za msingi lilikuja Desemba, na Januari 2023 watoto wakaingia madarasani. Shule zilipewa wiki chache kutafuta vyumba, maabara na walimu wa masomo ambayo hazikuwahi kuyafundisha. Mapendekezo yenyewe huenda yalikuwa sahihi, lakini yalifika wakati watoto wameshasimama mlangoni, na hasara ya kuchelewa huko ilibebwa na wanafunzi wa kundi la kwanza.

Jingine ni kwamba tume zetu zimekuwa nyingi tangu ile ya Ominde ya mwaka 1964. Zimepita za Gachathi, Mackay, Kamunge, Koech, Odhiambo. Ya Koech ya mwaka 1999 ilikuwa na mawazo mapana sana, ikawekwa kando kwa hoja ya gharama. Tume inayoteuliwa na rais mmoja huhesabiwa kuwa ni ya rais huyo, na anayemfuata huhisi haja ya kuwa na yake. Kwa hiyo namuunga mkono ndugu wa Dodoma kuhusu Bunge, ila naongeza kwamba ratiba ya tathmini iandikwe ndani ya sheria tangu mtaala unapoanza, ili isingojee uchaguzi wala malalamiko.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mkuza Mitaala Mstaafu, Dar es Salaam

Wanangu na wenzangu, nimefanya kazi ya kukuza mitaala kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nitasema ninavyoona bila kuwalaumu niliowaacha ofisini. Nakubali kwamba aliyeandika mtaala hapaswi kuwa mwamuzi wa pekee wa mtaala huo. Hata hivyo, nawaomba msidhani kwamba tume ya watu wa nje itamaliza tatizo. Tuliwahi kuwa na Tume ya Makweta, iliyoundwa na Mwalimu Nyerere na kutoa ripoti yake mwaka 1982. Ilikuwa na watu makini. Sehemu kubwa ya mawazo yake ilisubiri miaka, na Sera ya Elimu na Mafunzo ikapatikana mwaka 1995, wakati watoto waliokuwa darasa la kwanza tume ilipomaliza kazi wameshakuwa watu wazima.

Vilevile uhuru wa kufanya utafiti ni jambo la kulindwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 2005 Wizara iliizuia HakiElimu, asasi ya kiraia inayofuatilia elimu, kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Baadaye Uwezo, asasi ya kiraia ya kupima ujifunzaji wa watoto, kuanzia mwaka 2010 ilikwenda kaya kwa kaya ikiwapa watoto majaribio ya kiwango cha darasa la pili, na ilionyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawakuwa wamefikia kiwango hicho. Matokeo hayo yaliuma, lakini yalizungumzwa nchi nzima, na ninaamini yalisaidia kuandaa njia ya mtaala wa KKK wa mwaka 2015. Taasisi ile haikuwa na mamlaka yoyote ya kuagiza. Ilikuwa na kipimo rahisi ambacho mzazi aliweza kukielewa, na kilirudiwa kwa namna ileile.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo. Mwalimu wa Korogwe ametaja mwaka 2027, nami nasema mwaka huo ni wa thamani kubwa kwa mtafiti, na pia una mtego. Thamani yake ni kwamba makundi mawili, moja la miaka saba na jingine la miaka sita, yatamaliza pamoja, mara nyingi katika shule zilezile, na mwaka 2028 yatakaa katika kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Nafasi ya kuyalinganisha namna hiyo haitarudi. Mtego ni kwamba wale wa darasa la sita mwaka 2027 si zao kamili la mtaala mpya. Walipokuwa darasa la kwanza na la pili walisoma kwa mtaala uliotangulia, kisha wakahamishiwa mpya darasa la tatu. Watoto wa kwanza kusoma mtaala mpya tangu darasa la kwanza ni wale wa mwaka 2024, nao watamaliza mwaka 2029. Anayetaka kuupongeza mtaala au kuuhukumu kwa matokeo ya 2027 atakuwa anapima mchanganyiko.

Kwa sababu hiyo tathmini huru isianze 2027. Inatakiwa ianze sasa, kwa kuchukua takwimu za mwanzo katika sampuli ya shule, halafu kuwafuata watoto walewale hadi kidato cha pili. Matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hayatoshi kwa kazi hii, kwa kuwa mtihani ukibadilika pamoja na mtaala, huwezi kujua kama alama zimepanda kwa sababu ya mtoto au kwa sababu ya mtihani. Kinahitajika kipimo kimoja kisichobadilika, kinachosimamiwa na watu ambao hawapandishwi cheo wala kushushwa kutokana na matokeo yake.

Jibu la nne, kutoka kwa Mwalimu wa Unguja

Nakuamkieni nyote. Nina neno fupi tu. Mnapotafuta uzoefu wa miaka sita ya elimu ya msingi msitazame mbali. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka miaka sita. Walimu wa hapa wamekwisha kuona mtoto wa umri ule anapoingia sekondari anakosa nini na anaweza nini. Jopo lolote litakaloundwa Bara liwasikilize kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza.

Jibu la tano, kutoka kwa Mjumbe wa Kamati ya Shule, Sengerema

Mimi si mwalimu, ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule yetu kwa muhula wa pili, na nashukuru kwamba mjadala huu umeandikwa kwa lugha ninayoielewa. Nina hofu moja. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto waliokuwa nyumbani walikuja shuleni kwa wingi, na hilo ni jema ambalo sitaki lirudishwe nyuma. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Katika shule yetu watoto wa madarasa ya chini husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mtaala unaotaka mtoto afanye kwa vitendo, ashirikiane na wenzake katika makundi na apimwe mmoja mmoja unamkuta mwalimu aliye peke yake mbele ya umati.

Jopo likija na kusoma mihtasari na vitabu tu, litasema mtaala ni mzuri. Likisoma matokeo tu, litasema mtaala ni mbaya. Katika hali zote mbili litakuwa halijaona kilichotokea darasani. Ndiyo maana naomba tathmini ikae shuleni wiki nzima, tena shule zichaguliwe kwa bahati nasibu badala ya kuteuliwa na ofisi ya halmashauri, kwa sababu shule zinazoonyeshwa wageni zinajulikana. Wahesabu ni vipindi vingapi vilivyo kwenye ratiba vilifundishwa kweli, na ni watoto wangapi walishika kitabu kwa mkono wao.

Jambo jingine ni watoto wenyewe. Nimevutiwa na maelezo kwamba kule England walikaa na watoto na kuwasikiliza. Mwanangu wa darasa la tano anaweza kueleza vizuri sana ni kipindi gani anaelewa na kipi anakariri. Hajawahi kuulizwa na mtu yeyote anayeandika ripoti.

Mwalimu wa Taaluma, Korogwe

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee wetu mstaafu kwa kunionyesha kwamba kundi la 2027 si la mtaala mpya kamili. Ninachokichukua ni kwamba serikali ilazimike kujibu bungeni kwa maandishi, mitihani isiachwe nje ya hadidu za rejea, na kazi ianze kabla kundi la kwanza halijamaliza, ili yasitukute yaliyowakuta ndugu zetu wa Kenya. Nitaliandika hili kama pendekezo na kulipeleka kwenye kikao cha walimu wakuu na walimu wa taaluma wa kata yetu, kisha kwa mbunge wetu.

Mzee, shikamoo. Naomba nikuulize jambo la utekelezaji. Wakati tunasubiri jopo ambalo huenda likaja au lisije, sisi shuleni tuhifadhi nini ambacho mtafiti wa 2029 atakihitaji na hatakipata kwingine?

Mkuza Mitaala Mstaafu, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Hifadhini mambo ambayo hayamo katika taarifa za Baraza la Mitihani. Kwa kila darasa, andikeni mwezi ambao vitabu vya kiada vilifika na idadi yake, mwalimu aliyefundisha na kama alipata mafunzo kuhusu mtaala mpya kabla ya kuanza au baadaye, na mada za muhtasari ambazo hazikufikiwa hadi mwaka ukaisha. Watoto wa darasa la pili na la tatu wapeni aya fupi ileile ya kusoma kwa sauti kila mwaka, mwezi uleule, na muandike ni wangapi waliisoma kwa ufasaha na ni wangapi waliishia kwenye silabi. Msiibadilishe aya hiyo hata mkiona imezeeka. Nakala moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa kamati ya shule, kwa sababu walimu wakuu huhamishwa na makabati hubaki matupu.

Mkiweza kuwashawishi shule nyingine tatu au nne za kata kufanya hivyo kwa fomu moja, nitumieni rasimu ya fomu kabla ya Januari. Nitaipitia bila malipo.